Kubuni, kutunga, kuandika: jibu kwa msomaji wa Mbaraki

Msomaji mmoja wa safu hii, mkazi wa Mbaraki, Mombasa, ameniletea hadithi fupi na swali. Yeye ni karani. Kazi yake ni kuhesabu malori yanayoingia na kutoka gatini. Hadithi yake ilikataliwa na mchapishaji ambaye sina haja ya kumtaja, na sababu alizopewa ni mbili: haina ubunifu, na Kiswahili chake mahali pengine "si sanifu". Akayaondoa maneno yote ya Kimvita, akaiandika upya, akaituma tena. Ikakataliwa mara ya pili, safari hii bila maelezo. Basi ananiuliza: "Mwalimu, kuwa mwandishi ni nini hasa? Ni kipaji, ni cheti, au ni kujuana na watu?"

La kujuana na watu tuliweke kando. Kila mmoja wetu ana jibu lake. Nimeisoma hadithi yake mara mbili. Nimeusoma pia ujumbe wa simu alioiambatanisha nayo, na nitasema bila kuuma maneno: ujumbe ni bora kuliko hadithi, tena kwa mbali.

Hadithi inafunguka na jua linalochomoza matlai, ndege wakitumbuiza mitini, na kijana mtanashati anayeamka katika ghorofa ya kumi na mbili jijini Nairobi. Ukurasa haujaisha, msichana ametokea; shingo yake ni ya upanga, macho yake ni ya gololi, na mwendo wake ni wa twiga. Kila aya imevishwa methali kama bibi harusi aliyevishwa dhahabu ya kuazima. Aliyepita katika shule za Kenya anakijua Kiswahili hiki. Ni Kiswahili cha insha. Tulikikariri kabla ya mtihani, tukawa tunakimwaga karatasini kabla hata hatujasoma vizuri swali lenyewe.

Sasa sikiliza ujumbe wa simu wa mtu huyo huyo, alioupiga huku akisubiri zamu yake iishe: "Hapa petu lori la klinka likipita huwata vumbi la kijivu mpaka kwenye kope. Kijana wa miaka ishirini yuwateka, ukimuangalia wadhani ni babu wa mtu." Klinka ni ile malighafi ya saruji. Huwata ni huacha, na yuwateka ni anacheka. Sentensi mbili tu, na ndani yake mna mahali, mna kazi, mna afya ya watu na dhihaka juu yake. Hakuna shingo ya upanga wala jua la matlai. Lakini aliyeandika haya hakujua kwamba alikuwa anaandika. Alidhani anamuelezea Mwalimu hali ya kazini kwake, basi.

Swali langu kwake ni kwa nini alipoamua kuwa mwandishi aliikimbia Mbaraki akaenda kujificha ghorofani Nairobi.

Nadhani tatizo linaanzia katika neno lenyewe, ubunifu. Siku hizi neno hili limeenea kila mahali. Katika Mtaala wa Umilisi unaotumika katika shule zetu, ubunifu umeorodheshwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi, na mwalimu wa gredi ya nne anatarajiwa aonyeshe katika mpango wake wa somo ni wapi umejitokeza. Si jambo baya. Ila kitenzi kubuni kina tabia yake. Mtu akisema "hiyo habari umeibuni", hajakusifu. Kubuni ni kutoa kitu kichwani, kitu ambacho hakikuwapo. Ndiyo maana kijana akiambiwa "buni" hukimbilia yale asiyoyaona kila siku: ghorofa, mapenzi ya ajabu, jambazi, urithi wa tajiri aliyekufa ghafla. Vumbi la klinka lipo; basi, kwa hesabu yake, kuliandika si kubuni.

Wazee wa pwani walipendelea kitenzi kingine, kutunga. Ushanga hutungwa. Samaki hutungwa katika uzi wa ukili wakawa mtungo, mtu akautia mkononi akaenda nao nyumbani. Jipu nalo hutunga, na mimba hutunga, jambo linalotuonya kwamba katika kutunga mna kungoja. Hakuna mtunga ushanga anayeulizwa kama shanga alizitengeneza yeye, zilikuwapo. Ustadi wake ni ipi inafuata ipi, na uzi usikatike. Mshairi ni mtunzi kwa maana hiyo hiyo: maneno si yake, ni ya watu wote.

Na kuandika? Leo tunakifikiria kitenzi hiki pamoja na kalamu tu. Lakini Mombasa bado mtu huandika chakula, na huandika meza. Kamusi za zamani zinakipa kitenzi hiki maana ya kupanga vitu kwa taratibu yake. Ni kitenzi cha mtu mwenye wageni. Hakuna anayeandika chakula ili akitazame mwenyewe; huandika akijua nani watakaa, nani hali pilipili, na nani lazima atangulizwe maji ya kunawa. Kama ningelazimishwa kumpa karani wetu jibu la sentensi moja, ningechukua hapo: mwandishi anajua anamwandikia nani, na anatarajia kujibiwa.

Hilo la kujibiwa ndilo ninalotaka kulikalia, maana hapo ndipo fasihi ya Mombasa ilipojenga nyumba yake. Chukua Muyaka bin Haji, aliyezaliwa mjini humo mnamo 1776 na kufariki mnamo 1840. Wahakiki wamezoea kusema kwamba yeye ndiye aliyelitoa shairi msikitini akalipeleka sokoni. Kauli hiyo imetiwa chumvi kidogo, kwani nyimbo za ngoma, za harusi na za majahazini zilikuwapo kabla yake na hazikuwa za msikitini. Lakini ukweli wake ni huu: kabla yake tungo zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa zaidi tenzi za dini na mawaidha, na yeye akashughulika na biashara, mapenzi, umaskini, uchungu wa kusalitiwa, na juu ya yote siasa ya mji wake. Aliishi Mazrui walipokuwa wakiitawala Mombasa na Busaidi wakiitaka kutoka Maskati na Unguja. Alikuwa upande wa Mazrui, hakuficha. Lamu ilipokuwa upande wa pili, washairi wa Lamu na wa Mombasa walirushiana beti kama watu wanaorushiana mawe juu ya ukuta. Mazrui walianguka mwaka 1837, na yeye akaishi miaka michache zaidi chini ya wale aliowapinga.

Tazama sasa huyu mtu alikuwa na uhuru gani. Umbo la shairi lake la kawaida lilikuwa limeshafungwa: mishororo minne, mizani kumi na sita kila mshororo, nane upande huu na nane upande ule, vina vya kati na vya mwisho. Mara nyingi mada pia hakuichagua, aliletewa. Mtu amemtupia fumbo, lazima alifumbue. Lamu wametukana, lazima wajibiwe. Kwa kipimo cha mtaala wetu, mtu wa namna hii angepata alama gani katika ubunifu? Hakuvumbua umbo wala hakujichagulia mada, na hata lugha yake ni ile iliyozungumzwa barazani. Hata hivyo karibu karne mbili baada ya kufa kwake tunamsoma, na tukimsoma tunamjua ni yeye. Ubunifu wake uko katika jinsi ya kuitika. Amepewa neno, akalirudisha likiwa limegeuka. Barazani hapo hapo walikuwapo watu wa kumpima, walioyajua mashairi kuliko mhariri yeyote wa leo, na wasiokuwa na aibu ya kumwambia kwamba kina chake kimekwenda upogo.

Kijana wetu hana baraza hilo. Anaandika kwa ajili ya mtahini ambaye hatamjua kamwe, kisha kwa ajili ya mhariri asiyejibu barua. Ndiyo maana anajipamba. Mtu asiyejua anazungumza na nani huvaa nguo zote alizo nazo.

Kuna jambo jingine kuhusu Muyaka ambalo wanafunzi wa fasihi hulipita haraka, nami naliona kubwa. Mashairi yake hayakutufikia kwa kitabu alichokitoa mwenyewe. Mengi yalibaki katika vichwa vya watu. Aliyeyakusanya, nusu karne baadaye, ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, mwanachuoni wa Mombasa ambaye naye alikuwa mshairi, aliyefariki mwaka 1890. (Jina lake, Sikujua, linachekesha kwa mtu aliyejua mengi kiasi hicho.) Alishirikiana na mmishenari Mwingereza, W. E. Taylor, ambaye alikuwa na sikio zuri la Kimvita na mwaka 1891 alichapisha mkusanyo mkubwa wa methali za Waswahili. Karatasi za Taylor zikaishia London. Mwaka 1940 W. Hichens akaitoa Diwani ya Muyaka, ikachapishwa na Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg. Ilitupasa tungoje hadi 1979 ndipo Mohamed Abdulaziz, mwana wa Mombasa, alipoutoa Nairobi uchunguzi wake wa Muyaka na zama zake.

Hebu niulize: katika mlolongo huu, mwandishi ni nani? Muyaka alitunga. Sikujua alikumbuka, akauliza wazee, akaandika kwa hati za Kiarabu. Taylor alinakili kwa hati za Kirumi na kupanga maelezo. Hichens alihariri, na si kila uamuzi wake ulikuwa mzuri. Abdulaziz alirudisha mashairi kwenye siasa na mitaa yalikotoka. Tukimwita mwandishi yule wa kwanza peke yake, tutakuwa tumesema kweli kuhusu utunzi na tumesahau kuandika kwa ile maana ya kuandalia wageni. Bila ya Sikujua, Muyaka angekuwa jina tu, au mistari mitatu minne inayokaririwa na watu ambao hawajui ni ya nani.

Turudi kwenye lile neno "si sanifu", kwa sababu hapo karani wetu alitendewa vibaya. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano wa kuamua ni lahaja ipi itumike vitabuni na shuleni katika Afrika Mashariki yote chini ya Waingereza. Kimvita kilikuwa na wateteaji, wamishenari wakiwamo. Kiunguja kikashinda. Na mkutano wenyewe ulifanyika wapi? Mombasa! Mji ukawa mwenyeji wa kikao kilichoiondoa lugha yake darasani. Miaka miwili baadaye Kamati ya Lugha ilianza kazi ya kusimamia sarufi, tahajia na vitabu, na tangu hapo mtoto wa Mji wa Kale anayeandika mato badala ya macho, au ndia badala ya njia, hukuta mstari mwekundu.

Sitaki nieleweke vibaya. Bila ya Kiswahili sanifu gazeti hili lisingesomeka Kakamega, Kigoma na Goma siku moja. Mimi mwenyewe nalila mkate wake. Mtahini akitaka usanifu katika barua rasmi ana haki. Lakini hadithi si barua rasmi, na anayesema katika hadithi ni kuli, ni mama wa mahamri, ni kondakta. Mhariri anayemlazimisha mpakuzi wa klinka wa Mbaraki aseme "ninacheka" badala ya "nateka" amemnyang'anya mhusika ulimi wake, halafu anamlaumu mwandishi kwamba mhusika hana uhai. Mahali panapoweza kumtatiza msomaji wa bara, weka sherehe ya maneno mwisho wa kitabu. Ni kurasa mbili tu.

Na si kwamba hakuna mfano. Malenga wa Mvita, diwani ya Ahmad Nassir Juma Bhalo iliyohaririwa na Shihabuddin Chiraghdin, ilitoka mwaka 1971 kwa Kimvita chake, ikasomwa mbali sana na Mvita. Tungo za Ahmad Nassir hazikukaa kitabuni tu. Binamu yake, Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliziimba katika taarabu. Kanda zikauzwa Mji wa Kale, zikasafiri hadi Lamu, Unguja na kwa Waswahili wa Uarabuni. Watu wasiowahi kushika diwani walizijua beti zake kwa moyo, wakiziombea maana kwa wakubwa wao. Sheikh Ahmed Nabhany, aliyezaliwa Lamu mwaka 1927 na kuifanya Mombasa makao yake, naye aliambiwa mara nyingi kwamba maneno ayatoayo katika lahaja za kaskazini hayatakubalika. Leo sisi wanahabari wa Kenya tunasema runinga bila kufikiri, na neno hilo ni lake. Alilichota katika Kiswahili kikongwe ambacho wengi wetu tungekiita kimekufa. Huo nao ni kutunga: shanga za zamani, uzi mpya.

Huenda karani akaniuliza: na mtu asiyekuwa na baraza kabisa afanye nini? Nina jibu moja, nalo si langu. Mwaka 1968 kijana wa Mombasa wa miaka ishirini na miwili, Abdilatif Abdalla, aliandika kikaratasi kilichoitwa Kenya: Twendapi?, akaishutumu serikali kwa jinsi ilivyowakandamiza wapinzani. Akafungwa miaka mitatu, hadi 1972, muda mrefu akiwa peke yake. Alitunga mashairi, akayaandika kwa siri juu ya karatasi za chooni, yakatoroshwa nje. Yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomtia ndani mtunzi. Vituko vya fasihi yetu hivyo.

Ninachotaka msomaji akitazame ni umbo la mashairi yale. Mtu amefungiwa chumbani, hana wa kusema naye, kalamu yenyewe ni ya kuficha. Angeweza kulia tu, na nani angemlaumu? Lakini mojawapo ya mashairi makubwa ya diwani hiyo, lile la mnazi, ni la kujibizana: ndugu wawili, Alii na Badi, wanagombania mnazi, huyu akisema na yule akirudisha. Alipokosa mtu wa kumjibu alimtunga. Na aliwatunga wote wawili wakiwa na hoja, wala hakumfanya mmoja bubu ili mwenzake ashinde kirahisi. Mimi naona hapo ndipo ubunifu kwa maana yake iliyo ngumu. Kumbuni msichana mwenye shingo ya upanga ni rahisi, kwa kuwa hakujibu. Kumbuni mtu anayekupinga kwa hoja nzito kuliko unavyopenda, hiyo ndiyo kazi.

Kuna watakaosema kwamba ninamrudisha kijana kwenye vina na mizani. Hapana. Mabishano kuhusu guni na mashairi huru tuliyabishana kiasi cha kutosha tangu Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, na wengine wetu tulipoteza marafiki. Alamin Mazrui, Mmombasa mwingine, aliwekwa kizuizini mwaka 1982 na akatoka na Chembe cha Moyo, iliyochapishwa 1988, ambamo mna mashairi yasiyofuata arudhi. Hayo nayo yanajibu. Ukiyasoma unajua yanasema na nani. Na kuna mashairi ya vina kamili, mizani haijapungua hata moja, yanayoletwa kwenye magazeti kila wiki, ambayo hayasemi na mtu yeyote. Umbo halimuokoi mtu.

Kuhusu kipaji sina la maana la kusema. Kipo, hakigawanywi sawa, na hakuna ajuaye anacho kiasi gani mpaka afanye kazi miaka kadhaa. Kuhusu kuacha ukarani ili awe mwandishi kamili, namwambia asiache. Ustadh Mau wa Lamu, Mahmoud Ahmed Abdulkadir, ambaye tenzi zake zinasomwa na wataalamu Ulaya, ni mwoka mikate. Mkate haukumzuia kutunga, na sidhani kama angetunga alivyotunga bila ya watu wanaokuja kununua mkate.

Lakini kuna sentensi moja katika barua yake siwezi kuipita. Anasema: "Hapa Mbaraki hakuna cha kuandika, ni bandari na maghala." Jameni! Mwendo mfupi kutoka hapo alipo umesimama mnara wa mawe ya matumbawe, urefu wake yapata mita nane, ndani yake mtupu. Ubavuni mwake ulikuwapo msikiti uliojengwa katika karne ya 15. Upande huo wa kisiwa ndiko Wakilindini, mojawapo ya zile Thelatha Taifa, walikokuwa na mji wao. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliouchunguza walieleza kwamba msikiti ulipokwisha kuachwa, watu waliendelea kuja hapo kuzungumza na pepo, na mnara ukajengwa uwe makazi yake. Hata katika zama zetu wageni wamekuta udi na marashi pale. Wenye msimamo mkali wa dini hawakupenda, na wana hoja yao. Wanaokuja nao wana shida zao. Walikuwa wakiomba nini? Mvua, mtoto, chombo kirudi salama kutoka Bara Hindi? Leo mama wa dereva wa lori akienda pale, anaomba nini, na imamu wa karibu anamwambia nini? Hapo kuna Alii na Badi, na wote wawili wana hoja. Na lori la klinka linapita nje.

Hadithi hiyo nataka kuisoma. Isiwe na methali zaidi ya moja, na hiyo moja isemwe na mtu mwenye sababu ya kuisema.

Jambo la mwisho si lake peke yake. Kujibizana hakujafa Mombasa. Kumehamia kwenye simu. Kuna makundi ya washairi wanaotupiana beti usiku kucha, wengine kwa maandishi, wengi kwa sauti, na nimesikia humo mafumbo ambayo yangemfanya Muyaka aketi vizuri. Hakuna anayeyaandika. Hakuna anayeweka tarehe, wala jina la mtunzi, wala maelezo kwamba beti hii ilijibu ile. Simu ikiibwa Kongowea, au ikianguka majini Likoni, diwani nzima imekwenda. Idara za Kiswahili za vyuo vikuu vyetu zina wanafunzi wengi wa uzamili wanaohangaika kutafuta mada na wanaoishia kuandika kwa mara ya arobaini juu ya tamathali katika riwaya teule. Mmoja wao akitaka kufanya kazi ya Mwalimu Sikujua, aniandikie kupitia gazeti hili. Nina namba za makundi matatu, na wenyewe wamekubali kumpokea.